Mzinga upi wafaa anayeanza kufuga nyuki?

UFUGAJI wa nyuki umewavutia Wakenya wengi wanaotafuta njia ya kujiongezea kipato, hasa wakazi wa maeneo kame ambako mahindi na maharagwe hukauka kabla ya kukomaa. Nyuki hawakatiwi majani, hawahitaji ekari nyingi wala hawamlazimu mfugaji kurauka alfajiri kwenda kukama.

Hata hivyo, yeyote aliyepata kutembea Kitui, Makueni, Baringo au Pokot Magharibi huenda ameshuhudia taswira nyingine. Mizinga maridadi imening'inizwa mitini, rangi yake ingali yang'aa, lakini ndani hamna nyuki hata mmoja. Wapangaji ni buibui na mijusi.

Mizinga hiyo ilinunuliwa kwa pesa za watu. Huenda ni akiba ya chama cha akina mama, mkopo wa kikundi cha vijana au malipo ya uzeeni ya mwalimu aliyestaafu. Waliouziwa waliambiwa kwamba kadiri mzinga ulivyo wa kisasa ndivyo utakavyotoa asali nyingi. Hawakuambiwa kwamba mzinga mtupu, uwe wa kisasa au wa kale, hautoi hata tone.

Kwa hivyo, swali la kujiuliza si mzinga upi unaosifiwa zaidi. Swali ni mzinga upi utakaoingiwa na nyuki tulio nao, na ambao anayeanza ataweza kuufungua, kuukagua na kuurina bila kuwaua nyuki wala kuumia yeye mwenyewe.

Wajue nyuki wako kwanza

Nyuki wa asali wanaopatikana katika sehemu kubwa ya nyanda za Kenya ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Apis mellifera scutellata. Ni wachapakazi hodari na hustahimili joto na ukame.

Lakini ni wakali kuliko wenzao wa Ulaya. Mzinga ukitikiswa, mamia hutoka kwa pamoja kuutetea. Fauka ya hayo, ni wepesi wa kuhama. Maua na maji yakikosekana, au siafu wakiwavamia, huondoka wote pamoja na malkia wao na kuliacha sega likiwa tupu.

Sifa hizo mbili, ukali na wepesi wa kuhama, ndizo zinazopaswa kuongoza uteuzi wa mzinga. Nchini Kenya, mfugaji ana aina tatu kuu za kuchagua.

Mzinga wa gogo

Huu ndio mzinga wa mababu. Gogo huchongwa ndani likawa na uwazi, kisha ncha zake mbili zikazibwa na kuachwa tundu dogo la nyuki kupitia. Wakamba, Watugen, Wapokot na jamii nyingine nyingi wameutumia tangu jadi, na hadi leo ungali unaonekana kwa wingi mitini.

Tusiudharau. Ubao wake mnene hukinga joto la mchana na baridi ya usiku, nao nyuki huupenda kwa kuwa unafanana na shimo la mti, makao yao ya asili. Tena mwenye shoka na patasi hahitaji kununua chochote.

Ila yake ni moja, nayo ni kubwa. Masega hugandishwa kwenye ukuta wa mzinga, hivyo huwezi kutoa moja, ulitazame na kulirudisha. Mrinaji hupapasa gizani akikata sega baada ya sega, na mara nyingi hukata hata yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Kundi hudhoofika, au huhama.

Asali iliyochanganyika na majana, chavua na majivu huharibika upesi na hununuliwa kwa bei ya chini. Aidha, mizinga hii aghalabu huwekwa juu ya miti mirefu. Kuikwea miti hiyo usiku ukiwa na kijinga cha moto mkononi ni hatari kwa mtu na kwa msitu.

Mzinga wa Kenya Top Bar

Mnamo mwaka wa 1971, Kenya na Canada zilianzisha mradi wa pamoja wa kuendeleza ufugaji nyuki, uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph. Katika mradi huo ndimo ulimosanifiwa mzinga ambao jina lake, Kenya Top Bar, limeitangaza nchi hii ng'ambo. Siku hizi hutumiwa hata na baadhi ya wafugaji wa Ulaya na Marekani.

Umbo lake ni kama la hori la kulishia ng'ombe, pana juu na jembamba chini. Juu yake hupangwa pau za mbao, kwa kawaida 26 hadi 30, zikiwa zimegusana ubavu kwa ubavu. Juu ya pau hizo huwekwa kifuniko, aghalabu cha mabati, cha kuzuia mvua.

Nyuki hujenga sega moja chini ya kila upau. Kwa kuwa kuta za mzinga zimeinama kuelekea ndani, mara nyingi sega haligandishwi ubavuni. Mfugaji huweza basi kuinua upau mmoja pamoja na sega lake, akalikagua pande zote mbili na kulirejesha palepale.

Faida kubwa kwa anayeanza imo katika pau zenyewe, kwa kuwa ndizo dari ya mzinga. Ukiinua moja, umefungua mwanya mmoja tu. Nyuki waliosalia wangali gizani na hawajui kwamba kuna mgeni. Kwa nyuki wakali kama wetu, tofauti ya kufungua mwanya mmoja na kuezua paa zima ni tofauti ya kudungwa mara mbili na kukimbizwa hadi nyumbani.

Faida ya pili ni kwamba malkia hutaga mayai karibu na mlango, nayo asali huwekwa mbali zaidi na hapo. Ukichagua mzinga wenye mlango upande mmoja, utaanza kurina ukiwa upande wa pili. Utayaona masega ya asali kwanza, na utakapofikia yenye majana, utajua kwamba mpaka wako ni huo.

Mzinga huu nao una kasoro zake. Sega halina fremu ya kulizunguka, hivyo hukatika likilazwa kama sahani, hasa wakati wa joto. Linapaswa kushikwa likiwa wima daima, jinsi lilivyokuwa likining'inia. Vilevile, huwezi kuongeza kisanduku juu mzinga unapojaa, hivyo mfugaji asiyekagua mara kwa mara atawapata nyuki wakiwa wamegawanyika na nusu yao kuondoka.

Hatimaye, kurina kwa kukata sega huwafanya nyuki wajenge upya, na kazi ya kutengeneza nta hula asali nyingi. Lakini nta hiyo haipotei. Huyeyushwa, ikachujwa na kuuzwa, na mfugaji huhifadhi kiasi kidogo cha kuvutia nyuki katika mizinga mipya.

Mzinga wa Langstroth

Mzinga huu ulibuniwa na kasisi wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyepewa hati ya kumiliki uvumbuzi huo mwaka wa 1852. Alitambua kwamba nyuki huacha njia ya upana wa milimita 6 hadi 9 hivi ili kupita baina ya masega. Nafasi ndogo kuliko hiyo huizibwa kwa gundi yao. Kubwa kuliko hiyo huijaza sega.

Kutokana na elimu hiyo alitengeneza visanduku vyenye fremu zilizopangwa kwa vipimo hivyo. Kisanduku cha chini ni cha malkia na majana, na vya juu ni vya asali. Wavu wenye matundu yanayowapitisha nyuki wafanyakazi lakini yakamzuia malkia aliye mnene huwekwa baina yake.

Faida zake hazina ubishi. Asali hutolewa kwa mashine inayozungusha fremu, kisha sega zima hurudishwa mzingani na nyuki huanza kulijaza bila kujenga upya. Asali huwa safi, nacho kisanduku kingine huongezwa maua yanapozidi.

Lakini mzinga huu ulisanifiwa kwa ajili ya nyuki wapole wa Ulaya. Ili kuona yaliyomo chini, sharti uondoe kisanduku cha juu chote, na kundi lote hubaki wazi. Kisanduku kirefu kilichojaa asali kinaweza kuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi. Fikiria kukiinua peke yako, wakati wa magharibi, huku nyuki wakivuma usoni.

Aidha, faida yake yote hutegemea mashine ya kukamulia, karatasi za nta za kuwekwa kwenye fremu, na vipimo visivyokosea. Fundi akikosea kwa milimita chache, fremu hugandishwa kwa gundi na hazitoki tena. Mwenye Langstroth asiye na mashine huishia kukata masega kwa kisu, na hapo huwa amelipia mzinga wa bei ghali ili aurine kama wa gogo.

Maswali manne kabla ya kulipa

Anayetaka kuchagua vyema hana budi kujibu maswali manne.

Kwanza, ni nani atakayekufundisha? Iwapo jirani yako ana Langstroth zinazorinwa kila msimu na yuko tayari kukuelekeza, hiyo ni sababu nzuri ya kumfuata. Mwalimu aliye karibu ni bora kuliko kitabu kilicho mbali.

Pili, ni nani atakayekutengenezea? Seremala wa kijijini anaweza kuunda Kenya Top Bar akipewa vipimo. Langstroth huhitaji fundi makini zaidi na vipuri vinavyotoka mjini.

Tatu, maua yako ni kiasi gani? Nyuki hutafuta chakula kwa kawaida katika umbali wa kilomita mbili au tatu. Palipo na migunga, mikaratusi, miparachichi au mashamba ya alizeti, kundi hukua haraka na huweza kujaza visanduku. Palipo na vichaka vichache vinavyochanua kwa wiki chache, kisanduku cha ziada hubaki mapambo.

Nne, utamuuzia nani, na kwa sura gani? Wanunuzi wa mijini na maduka makubwa hutaka asali iliyochujwa ikawa angavu. Soko la karibu aghalabu hupokea asali iliyo ndani ya sega, mradi sega ni safi na halina majana.

Ukizingatia majibu ya wengi wanaoanza, ushauri ni huu: anza na mizinga miwili ya Kenya Top Bar yenye vipimo sawa. Si mmoja, wala si 20.

Kwa nini miwili? Ukiwa na mmoja, huna cha kulinganisha nao. Hutajua iwapo kundi lako ni dhaifu au ni msimu mbaya. Ukiwa na miwili, na mmoja umpoteze malkia wake, unaweza kuuhamishia upau wenye mayai kutoka kwa ule mwingine ili nyuki walee malkia mpya. Jambo hilo haliwezekani endapo pau hazilingani.

Langstroth inaweza kufuata baadaye, baada ya misimu miwili au mitatu, mfugaji akishauzoea mzinga na akiwa katika kikundi kinachomiliki mashine kwa pamoja. Naye asiye na pesa kabisa asijinyime. Na aanze na gogo, lakini alitundike kwenye kimo cha kifua badala ya kileleni. Makundi yanayogawanyika kutoka humo ndiyo yatakayoingia katika mzinga wake wa kwanza wa mbao.

Ukague mzinga kabla ya kuununua

Beba rula. Upana wa kila upau unapaswa kuwa milimita 32 kwa nyuki wetu. Ukizidi, nyuki hujenga masega mapotovu yanayoshikanisha pau mbili au tatu, na hutaweza kuinua hata mmoja bila kuyararua. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 48 hivi. La muhimu ni kwamba pau zote za mizinga yako ziwe sawa.

Tazama chini ya upau. Katikati panapaswa kuwa na mfuo au mstari ulioinuka, uliopakwa nta, ili nyuki wajue pa kuanzia. Upau uliolainishwa kama meza huwapa uhuru wa kujenga popote.

Zipange pau zote kisha uinamishe macho utazame mwanga. Ukiona mianya, ukatae mzinga. Mianya hiyo huwapitisha siafu, nondo wanaokula nta na moshi unaotoroka.

Hakikisha mbao zimekauka, la sivyo zitapinda jua litakapozipiga. Rangi ipakwe nje peke yake. Mzinga unaonuka rangi mbichi au dawa ya mchwa huwafukuza nyuki, nao mzinga uliopakwa rangi ndani ni heri ungeachwa kuwa kabati.

Mahali pa kuuweka

Mzinga mzuri uliowekwa pabaya ni mzinga mtupu. Washauri wengi hupendekeza umbali wa angalau mita 300 kutoka nyumbani, shuleni, barabarani na panapofungwa mifugo. Mbuzi au ng'ombe aliyefungwa kamba karibu na mzinga hawezi kukimbia, na wengi wamekufa hivyo. Mwenye shamba dogo lililozungukwa na majirani na aombe nafasi kwa aliye na shamba kubwa, au ajiunge na kikundi.

Chagua penye kivuli cha wastani, penye maji karibu na pasipo upepo mkali. Kama mto uko mbali, weka beseni la maji lenye mawe au vijiti vya nyuki kutulia ili wasizame.

Ning'iniza mzinga kwa nyaya baina ya nguzo mbili, kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Kimo hicho humwezesha mfugaji kufanya kazi akiwa amesimama, na humzuia nyegere, ambaye hupenda asali na majana kuliko mlinzi yeyote anavyoweza kumkemea. Zipake nyaya grisi ili siafu wasipite, na ukate majani yanayougusa mzinga.

Nyuki watatoka wapi?

Wengi wa wafugaji nchini hawanunui nyuki, huwategea. Makundi hutembea na kugawanyika zaidi wakati wa maua, yaani karibu na misimu ya mvua. Mzinga unapaswa kuwa tayari umetundikwa majuma kadhaa kabla, ndani yake mkiwa mmepakwa nta iliyoyeyushwa. Baadhi ya wafugaji husugua mchaichai pia, kwa kuwa harufu yake huwavutia nyuki.

Nyuki wakiingia, waache watulie. Mfanyakazi mmoja huchukua siku 21 kutoka yai hadi kutoka kwenye kitundu chake, hivyo kundi jipya huhitaji muda kabla ya kuwa na jeshi la kutosha. Mwenye pupa anayefungua mzinga kila siku huwafukuza mwenyewe.

Msimu ukipita bila nyuki, usinunue mzinga mwingine. Usafishe uliopo, upake nta upya na uhamishie mahali pengine. Kanuni ni nyepesi: mzinga wa tatu ununuliwe wakati miwili ya kwanza ina nyuki, na wa nne kwa pesa zilizotokana na asali.

Usisahau gharama nyingine

Mzinga si gharama pekee. Kabla ya kuulipia, tenga pesa za mavazi ya kujikinga mwili mzima, kofia yenye wavu, glavu, gambuti na kifaa cha kufukizia moshi. Vifaa hivi havina mbadala. Nyuki huweza kumuua mtu, hasa yule ambaye mwili wake hauistahimili sumu yao. Anayevimba mwili mzima au kushindwa kupumua baada ya kudungwa anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja, na hafai kuwa mrinaji.

Pia utahitaji ndoo safi ya plastiki yenye kifuniko na kitambaa cha kuchujia. Rina jua linapokaribia kutua, ukichagua masega ambayo sehemu kubwa ya vitundu imefunikwa kwa nta. Hiyo ndiyo dalili kwamba asali imeiva. Asali mbichi, yenye maji yanayozidi asilimia 20, huchacha ikiwa ndooni na kumharibia mfugaji jina.

Wala usikombe yote. Wachie nyuki masega kadhaa ya asali ya kuwavusha kiangazi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali; anayekomba mzinga msimu huu hana atakachokichovya msimu ujao.

Mafunzo yapo. Taasisi ya Kitaifa ya Ufugaji Nyuki iliyoko Lenana, Nairobi, ni miongoni mwa mahali pa kuanzia, na maafisa wa mifugo wa kaunti wanaweza kumwelekeza mkulima kwa wafugaji wenye uzoefu karibu naye. Hata siku moja ya kumtazama mrinaji stadi akiwa kazini inaweza kumwokolea mtu gharama ya mizinga kumi.

Muuzaji akija na picha za kuvutia na ahadi ya kilo nyingi za asali, muulize swali moja: nionyeshe mizinga uliyoiuza miaka mitatu iliyopita. Ukiikuta ina nyuki, fungua mkoba. Ukiikuta ina buibui, rudi nyumbani, umtafute seremala na umkabidhi rula.